Toa Simenti mu Chumba Yangu

Kolwezi

Mwanangu Albert,

Mi naamuka, nakula, natembea. Kikohozi iko, lakini haiko kikohozi njo inanikasirisha. Na wewe, mugongo yako iko namna gani? Mama ya batoto eko muzuri? Kuku zangu ziko zima, ao mulisha kuzikula? Ya kuku unijibu kwanza.

Anaandika mama Odette, mwenye tunaimbaka naye ku kanisa. Sikumuomba Ngalula, binti yako mwenye ninaishi naye huku, aandike, juu yeye angepunguza maneno. Soma yote, na usiruke.

Nimekukasirikia, Albert.

Ile siku ulipiga telefone, Ngalula aliiweka sauti kubwa na mi nisikie. Akakuambia banki moja ya Lubumbashi inamutaka kwa kazi ya kontable, ya kuhesabu feza, na banangojea jibu mbele ya siku ya Mungu, siku ya kanisa. Wewe ukauliza neno moja tu: "Banalipa sawa Kolwezi?"

Mutoto akakujibu na heshima: "Hapana, papa, ni kidogo kuliko ya huku. Lakini nilipima. Nikitoa nyumba, maji na chakula, ya kule njo inanibakilia mingi."

Ukacheka. Ukamuambia mutoto: "Mama, mutu haachake dolare ya mukuba, ya kampani ya shaba, aende kushika makaratasi ya banki. Mi nitaambia batu nini?"

Utaambia batu nini. Tangu ile siku neno yako iko mu tumbo yangu sawa bukari ya unga mubichi.

Ubaambie hii. Mwenye lupango, mwenye nyumba tunapanga, alikuya mwezi hii, hata kiti alikataa. Asema, "Mama, bageni ba kampani banatoa zaidi. Muongeze, ao mutoke." Kama tunatoka, kwengine banataka ulipe garantie ya miezi mingi mbele hata haujafungua mulango. Ngalula alilipa. Na nyumba yenyewe ni nini? Chumba moja na kipande. Nikinyoosha muguu, nagusa sufuria. Maji tunanunua bidon kwa bidon. Makamyo zinapita na vumbi yao, nguo nyeupe hatujue tena rangi yake. Nyanya zinatoka kwenu Lubumbashi, Albert. Zinapita mbele ya mulango yako, zinapanda barabara yote, zikifika huku zinajifanya mabibi-harusi, hakuna mwenye kuzigusa.

Na haiko yeye peke. Ku kazi yake kuko bapapa bane ba kravate, bote kontable, bote batu ba Lubumbashi. Balikodi nyumba moja bote bane, mumoja analala mu kulwari, pale batu banapita. Siku ya tano ya kazi banapanda gari kuona bibi na batoto, siku ya kwanza beko tena huku na macho mekundu. Hao njo matajiri benye unahadisia jirani.

Sasa sikia yenye ilinitoa machozi. Nilimuuliza Ngalula, mwenye tuko na jina moja, "Majina, ku kazi unakulaka nini?"

"Kaku," mujukuu akaniambia, "nakunywaka chai."

"Na saa ya chakula?"

"Njo iyo chai."

Kisha mwisho ya mwezi anakutumia, juu wewe unajenga etaje. Mutoto anakunywa chai juu nyumba yako ikuwe na ngazi. Unataka kupanda kule juu kuangalia nini? Kolwezi haionekane toka kule.

Nilimuambia akubali banki. Akalia. "Kaku, papa alisha kusema hapana. Alisha kuambia bandugu bote niko huku. Nitamupatisha haya."

Pale njo nilisimama. Albert, wakati alizaliwa, ni wewe ulimupatia jina yangu. Ulisimama mbele ya batu ukasema, huyu ni mama, alirudi mutoto. Tangu ile siku haujamuita mutoto, unamuita mama. Akikataa bukari, ulikuwa unapiga magoti: "Mama, kula, nakuomba." Nilikuwa pale, nilicheka mpaka nikakaa chini. Sasa mama yako analala na njaa, na unamutuma kazi sawa mutumishi. Mi ulishaka kunituma, Albert? Jaribu.

Basi, ilisha kuisha. Jana asubui nilimupatia telefone yake mu mukono, nikakaa ku mulango juu mutu asiingie. Aliita bale batu ba banki. Alikubali. Kisha alikula sahani mbili za bukari na sombe, majani ya mihogo, akalala mpaka jua ikazama.

Tunakuya mwisho ya mwezi. Najua ile simenti ya etaje uliiweka mu chumba yangu. Toa. Fagia, funga ile tundu ya dirisha, weka kitanda mbili. Na bandugu bakikuuliza juu ya nini Ngalula alirudi, usitafute uongo. Ubaambie mama zako bawili balirudi nyumbani, na banataka kukuta chakula.

Salimia mukwe wangu, mwenye anakuvumilia. Salimia yule mujane wa ngambo ya lupango, mwenye analinda kuku zangu, mikono yako isizifikie. Salimia dada yako, umusomee hii barua, hata pale penye utaona haya.

Nakupenda, mupumbavu wangu wa kwanza.

Mi mama yako,
Ngalula mukubwa

Mukono ni ya mama Odette. Hata neno moja hakupunguza. Moja aliongeza, nilimuambia afute.