Kikwembe cha Mama Paluku

Bulengera, Butembo

Masika mwanangu, mama wa bwana yangu,

Nakusalimu sana, wewe na Baba Paluku. Kifua chake kimepona? Maharagi ya kule mlimani mmekwisha kuvuna, au mvua imewatangulia? Sisi huku tu wazima, tunakula, tunacheka, Mungu hajatuchoka. Barua hii inabebwa na mama mmoja muuza makayabu anayepita vilimani kwa miguu. Ikifika huko kwenu Kayna inanuka samaki, usinilaumu mimi.

Unakumbuka nilimchukua Paluku ili aachishwe ziwa, kama mama zetu walivyotufanyia sisi. Tulisema atakaa kwa mjomba wako kidogo tu, asahau, kisha nimrudishe. Halafu askari wa huku na askari wa huko wakaifunga barabara. Mtoto aliyekuja mgongoni sasa ananitangulia njiani. Ziwa alilisahau upesi, mwanangu. Nilichoogopa ni kwamba amekusahau na wewe.

Ngoja kwanza nikuchekeshe. Juzi mjomba wako alirudi kutoka shambani akakuta kamba imefungwa mlangoni pa jikoni, na bwana yangu Paluku amesimama nyuma yake na kijiti begani kama bunduki ya askari.

“Simama! Unabeba nini?”

“Chef, ninabeba ndizi tu.”

“Leta moya!”

Akapewa, akala, na ganda akamrudishia mwenyewe. Mjomba alipoinua mguu apite: “Simama! Unabeba nini?” Tulicheka mpaka mbavu zikauma, ingawa mchezo huo aliuona mahali ambapo hakuna aliyecheka.

Na wivu anao! Anajua mimi ni bibi yake. Mzee jirani akija kuniomba moto, Paluku anakaa katikati yetu na kumwambia, “Koko iko na bwana.” Koko ndiye mimi, na bwana ndiye yeye. Mzee anaomba radhi na kuondoka na moto wake.

Sasa sikiliza mambo ya kanisani. Kila jioni nilikuwa natandaza kile kikwembe ulichonipa cha kumbebea, kile cha wamama wa kanisa chenye ndege wa bluu, na kumwambia, “Mama yako anavaa hii.” Nilijiona nina akili sana. Nilisahau kwamba wamama wa kanisa wa Butembo nao walishona kikwembe kilekile.

Jumapili ya mavuno, mlango wa nyuma ukafunguka, wamama wakaingia wakiimba na kucheza, wote na ndege wa bluu. Paluku akaniponyoka mapajani.

“Mama! Koko, bamama!”

Kabla sijamkamata alikuwa katikati yao. Akavuta kikwembe cha wa kwanza. Mama akainama, mtoto akamtazama uso. “Uyu hapana.” Akaenda kwa mwingine. “Na uyu hapana.” Wimbo ukaanza kuharibika kwa kicheko, mpiga ngoma akapoteza mapigo. Mimi sikucheka. Nilisema moyoni, ndivyo ilivyo, mtoto anatafuta nguo, mama mwenyewe hamjui tena.

Mama mmoja mnene, mwenye huruma, akambeba, akajifanya ndiye mama yake. “Mutoto, mie njo mama yako, kuya.”

Paluku akamtazama vizuri, akaweka kidole kwenye meno ya mbele ya yule mama, akakipitisha huku na huku. Kisha akatikisa kichwa.

“Weye hapana. Mama iko na katundu apa.”

Masika, mwanya wako ule uliourithi kwa marehemu baba yako, sijawahi kumtajia hata siku moja. Nilimwambia habari za nguo, nguo, nguo. Kumbe alipokuwa ananyonya, alikuwa anakutazama ukicheka. Nililia mbele ya kanisa zima, na wale wamama walinifunika na ndege wao wa bluu.

Msalimie Baba Paluku, umwambie mwanawe ana miguu kama yake. Msalimie mama mkwe wako, mke mwenzangu, umwambie bwana wetu yuko kwangu na sina haraka ya kumgawa. Msalimie mwinjilisti wenu, aendelee kuiombea hiyo barabara.

Nayo ikifunguka, usihangaike kutafuta kikwembe. Vaa chochote, hata gunia la makaa. Ila ukituona, anza kucheka ungali mbali.

Mimi mama yako,
bibi ya Paluku