Taa za Gari la Maharusi

Jumapili, tarehe 9 Juni

Asubuhi nimelivua gari mapambo ya harusi ya jana. Maua ya nailoni kapuni, tepe za satini nimezikunja, zitatumika tena. Tangu Idi harusi zinafuatana, na gari langu jeupe halipumziki. Gauni la bibi harusi nashona mimi, gari napamba mimi, dereva mimi. Wapo hapa Kamembe wanaoona vibaya bibi mzima kushika usukani. Watazoea. Utepe mmoja wa boneti ulikwama kwa ndani, haukutaka kutoka. Nimeukata kwa mkasi, yakaisha.

Jioni nimemrudisha mjukuu wangu Aisha kwa mama yake, kule Nkanka. Kwenye mteremko wa vumbi, taa za mbele zimezimika. Zote mbili kwa pamoja. Barabara siioni, na ziwa liko pale chini. Nimekanyaga breki mpaka goti likauma. Halafu zikawaka zenyewe. Aisha akacheka, alidhani ni mchezo.

Mimi sikucheka. Nimeogopa, na bado naogopa.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Aisha kamwambia mama yake. Mama yake kampigia kaka yake, Hamisi wangu, aliye Kigali. Kabla sijamaliza chai, Hamisi yuko kwenye simu.

"Mama, liuze hilo gari. Litakuua."

Mnunuzi anaye tayari, ng'ambo, Bukavu. Hamisi anakuja Jumapili.

Hasemi kwa ubaya. Ana hofu, na hofu yake ni ya haki. Lakini gari hili lilikuwa la baba yake. Alipofariki, ndugu wote walisema liuzwe, mjane atalifanyia nini. Nilipomaliza eda nikaenda kujifunza udereva. Gari hili ndilo lililonitoa ndani. Hilo Hamisi halijui, sijawahi kumwambia.

Basi nikajibu kwa jeuri: Jumapili baada ya magharibi panda nami, twende Nkanka na kurudi. Taa zikizimika hata mara moja, chukua ufunguo. Akakubali haraka.

Mdomo uliponza kichwa.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Kwa Papa Furaha, fundi, karibu na mpaka wa Rusizi ya kwanza. Nimewasha taa mbele yake, zikawaka kama mtoto mwenye adabu mbele ya wageni. Akazigonga. Zinawaka. Akafungua boneti, akachungulia kila kona, akabadilisha balbu zote mbili.

"Maman Hamisi, mi naona hii gari haina bugonjwa. Iko inawaka muzuri."

Nimeondoka jua likizama. Kwenye mashimo ya kwanza tu, giza. Nimegeuza, nimerudi kwake. Zinawaka. Akasema gari linamwogopa, na akaonekana kufurahia jambo hilo. Nilitamani kumpiga kwa kandambili.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Leo kabadilisha fyuzi. Haikusaidia. Kabadilisha swichi ya taa. Haikusaidia.

Ninachojua: kwenye barabara laini taa zinakaa. Mashimo na mawe zinazimika. Na nikiwasha taa ya kona, zile za mbele zinafifia, zinapepesa pamoja nayo. Nimemweleza. Kakuna kichwa.

"Muntu hawezi tengeneza bugonjwa yenye haione."

Kweli yake. Nimemkasirikia hivyo hivyo.

Maman Neema, jirani yangu anayeniletea vitambaa kutoka Bukavu, anasema gari limechoka kubeba mabibi harusi wa watu, nalo linataka kuolewa. Nimecheka kidogo. Nilikuwa sijacheka tangu Jumapili.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Usingizi mbaya. Mteja kaja kujaribu gauni, nimemchoma pini kiunoni. Kanivumilia, ni mtoto wa watu wenye heshima.

Nilishika simu nimwambie Hamisi aje na mnunuzi wake moja kwa moja. Nikaiweka. Nikaishika tena. Nikaiweka.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Lazima niandike hili taratibu.

Baada ya swala nikaanza kulipamba gari kwa harusi ya kesho. Utepe wa boneti naufunga siku zote mahali pamoja: ndani, nyuma ya taa ya kulia, kuna bolti. Nailegeza, napitisha utepe chini yake, nakaza. Utepe haupeperuki hata msafara ukimbie vipi. Ni ujanja wangu, wapambaji wengine hawaujui.

Leo nikailegeza ile bolti, na chini yake nikakuta kipande cha satini. Cha wiki iliyopita. Kile nilichokikata kwa mkasi. Kilikuwa kimejikunja kati ya bodi na pete ya shaba, na pete ile imeshikwa na waya mweusi. Nikaufuata waya kwa kidole. Unakwenda kwenye taa. Mguu mwingine unakwenda taa ya pili, mwingine taa ya kona.

Nikabaki nimeinama, mkono kwenye boneti. Jumamosi nimefunga. Jumapili nimekata, bolti sikuilegeza. Jumapili jioni, giza.

Nimempigia Papa Furaha, kaja na pikipiki. Kaangalia mara moja.

"Eh. Hii njo masi."

Kanieleza masi ni nini. Umeme ukishafika kwenye taa lazima urudi kwenye betri, na unarudi kwa kupitia bodi ya gari. Mlango wake wa kurudia ndio huo waya mweusi na hiyo bolti. Mimi nimeuwekea mlango pazia la satini. Gari likisimama, chuma kinagusana kidogo, taa zinawaka. Likirukaruka, bolti inacheza, basi. Ndiyo maana kwake hazikuzimika hata siku moja.

Nikamuuliza: lakini ulifungua boneti Jumanne, hukukiona kitambaa? Alikiona. Alikiona Jumanne, akakiona tena juzi. Alidhani ni pambo. Gari la maharusi, kasema, linakuwa na vitambaa kila mahali, yeye nani avitoe. Halafu kikamshika kicheko mpaka akakaa juu ya tairi. Nami kikanishika. Maman Neema alitoka nje kuona tumepatwa na nini.

Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo hii nilishona mwenyewe.

Kasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, kakaza bolti. Akanionya kwa kidole:

"Hapa hapana valisha nguo tena, Maman."

Sitavalisha. Nimeshonea tepe vitanzi vya mpira, nitazishikiza kwenye bampa.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Harusi imepita salama. Taa tumewasha mchana kutwa, honi, vigelegele, mpaka Rusizi ya pili na kurudi. Utepe ulipepea kidogo upande mmoja, hakuna aliyesema kitu.

Lakini ile ni lami, na jua lilikuwa linawaka. Taa zikizimika mchana nani ataona? Nkanka ni kesho. 

Jumapili, tarehe 16 Juni

Hamisi kafika adhuhuri. Kakonda. Nimemwonyesha kipande cha satini, kakigeuza, kanirudishia. Mnunuzi anangoja simu yake, kasema.

Baada ya magharibi tukaondoka. Kwenda, mkono wake haukuachia kishikio cha mlango. Kwenye ule mteremko mimi mwenyewe niliacha kupumua. Mashimo yote, mawe yote. Taa zimesimama imara, barabara naiona mpaka chini. Nikawasha taa ya kona kwa makusudi. Hazikupepesa.

Kwa binti yangu tumekula ugali na sambaza, vidagaa vya ziwani. Aisha kauliza kama tutafanya tena mchezo wa giza. Nimemwambia umekwisha.

Kurudi, Hamisi kimya. Nikadhani kanuna kwa kushindwa. Tulipopita nyumba ya mwisho ya Nkanka nikamtazama. Kalala. Kichwa kwenye kioo, mdomo wazi. Ndivyo alivyokuwa akilala humu utotoni, baba yake akiendesha. Hakuwa akilala katika gari la mtu mwingine yeyote. Baba yake alikuwa akijisifia jambo hilo kwa wageni.

Njia nzima nimekwenda polepole. Si kwa sababu ya taa.

Tumefika nyumbani. Nimezima taa mwenyewe, kwa mkono wangu. Nikakaa kidogo gizani, ufunguo mapajani, nikimsikiliza anavyokoroma. Halafu nikamwamsha aingie ndani.