Kengele Chini ya Muhogo Mchungu

Mama yangu mpenzi,

Tumerudi kilimani. Ni mimi Furaha, kitinda mimba wako. Naanza na kanisa, maana najua ungeliulizia kabla ya kuwaulizia wajukuu. Kuta za matofali ya mababu zimesimama. Mabati yameng'olewa yote, majani yamemea mpaka altareni. Nililia, Mama. Kisha nikachukua ufagio, kwa kuwa zamu ya kufagia kanisa ilikuwa ya shirika letu.

Unakumbuka siku tulipokimbia vita? Wanaume walikuwa wameshatangulia msituni. Ninyi akina mama wa ufagio ndio mlioshusha kengele na kuizika nyuma ya sakristia, na juu yake ukapanda muhogo. Mwenzako Mama Yosefina akakugombeza: mwenye njaa si ataung'oa? Ukacheka. "Iko ya uchungu. Muntu mwenye kukimbia atapata wapi siku ya kuilobeka?" Kweli, muhogo mchungu usiolowekwa siku kadhaa ni sumu, na nani ale sumu kwa haraka?

Ulipofariki kambini, kule karibu na Goma, hapakuwa na kengele ya kukulilia. Wewe uliyekuwa unaacha jembe shambani kila ilipomlilia mtu! Ulizoea kusema, "Mwenye hawakumulizia kengele anaenda sawa vile mugeni." Tulikuzika hivyo, Mama. Kama mgeni. Limenikaa kifuani muda wote huu, hata kusali nilishindwa.

Jumamosi tulichimba. Muhogo wako umekuwa kichaka, mizizi minene kama paja, wala hakuna aliyeugusa. Jembe likagonga kitu, kikaitikia. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikapiga magoti palepale matopeni, nikaifuta udongo kwa kanga.

Tuliitundika kwenye mkaratusi, kwani mnara hauna mbao tena. Padri alitaka ilie kwanza kwa ajili ya Misa. Wenzako wakakataa katakata: kwanza Mama wa muhogo. Basi nikaishika kamba mwenyewe.

Ililia, Mama. Sauti imekwaruza kidogo, lakini ni ileile. Watu mashambani wakasimama, wakavua kofia, wakaulizana ng'ambo kwa ng'ambo nani amekufa. Nikawaitikia kwa nguvu zangu zote: mama yangu!

Vijiti vya muhogo wako nimevipanda upya kwenye shimo lilelile, kwa sababu bado hatujui kesho. Tukikimbia tena, nitaizika mimi. Tukirudi, nitaichimba mimi. Hilo nakuahidi.

Sasa nenda, Mama. Huendi kama mgeni.

Furaha wako