Wasisinzie Alhamisi

Jumatatu, 3 Machi

Wamelala! Siyo mmoja, siyo wawili — nusu ya ukumbi. Nilikuwa bado kwenye slaidi ya "Mteja ni Nani?" fundi bomba akaanza kukoroma. Na siyo kukoroma kwa kujiiba. Mhasibu akampiga kiwiko. Akashtuka, akapiga makofi — alidhani nimemaliza! Ukumbi mzima ukamfuata. Makofi marefu kweli. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi pamoja na projekta.

Kugeuka, Bosi yuko mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini. Akaangalia ukuta, akaangalia watu, akaenda zake.

Kibao cha mlangoni kwangu kimeandikwa Mratibu wa Mafunzo. Waandike Mratibu wa Usingizi, yaishe.

Na nyumbani hakuna pa kujificha. Wifi yangu anafanya kazi hapohapo kwenye kampuni ya maji, madirisha ya wateja, na tangu ndoa yake ivunjike anaishi kwetu. Sijavua hata viatu, kaka yake ameshapewa habari yote. Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. "Akapiga makofi!" anarudia. "Akapiga makofi!"

Cheka tu.

Jumanne, 4 Machi

Bosi aliniita. Mpole kama kawaida, na upole wake ndio unaonitia baridi. Anataka semina nyingine, Alhamisi ya wiki ijayo, ya watu wa madirishani na mafundi. "Safari hii wachangamke, mama. Wakilala tena nitaanza kujiuliza tuna mratibu wa nini." Akataja na mkataba wangu, kwamba unaisha katikati ya mwaka. Akautaja juu juu tu, huku anatafuta kalamu.

Siku nzima naandika, nafuta. Zawadi? Watapokea zawadi, walale. Nyimbo? Mhasibu atatoka nje. Mtandaoni wanasema warushiane mpira, anayedaka ajibu swali. Nikamfikiria fundi bomba na mkono wake ule — projekta tutaiaga.

Nimetafuna kalamu mpaka wino. Jino linauma tena.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeng'oa jino. Shavu limevimba, upande mmoja sina habari nao. Lakini niandike upesi kabla hili halijanitoka!

Kwenye benchi la kliniki tulikaa kama mizigo. Kila mtu anaangalia vidole vyake. Mama mmoja mwenye kilemba cha kijani akatoka kwa mpokezi amefura, akakaa, akaanza kumwigiza. Sauti ya puani. Kucha zinagonga meza. "Jina? Jina la baba? Sikusikii. Kaa kule." Hajamaliza, mzee aliyefunga shavu kwa leso akainuka, akawa daktari, anachungulia midomo yetu mmoja mmoja, anatikisa kichwa: "Hapa hakuna jino, hapa kuna gofu." Benchi lote likaamka! Watu wana maumivu, wanacheka wameshika mataya. Msichana mmoja akaitwa zamu yake, akasema, "Ngojeni kwanza." Kwa daktari wa meno!

Hakuna aliyewafundisha kitu wale. Walipata tu nafasi ya kusema wanachokijua.

Basi jino limetoka, wazo limeingia. Hakuna slaidi. Viti vya duara. Mafundi wawe wateja, watu wa madirishani wakae madirishani, kisha wabadilishane. Waigizane! Halafu ndiyo tuzungumze, wakiwa wameshaona wenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi amelipenda. Amelipenda mno.

Nilimweleza nikiwa nimesimama, shavu bovu, mikono inaruka. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akainuka akafunga mlango. Akasema wateja siku hizi wanalipia kwenye simu, madirisha lazima yapungue, na yeye hajui amwache nani amtoe nani, kwa sababu mbele yake kila mtu ni malaika.

"Ila mtu akicheza hujisahau, si ndiyo? Wewe wachezeshe. Mimi nitakaa nyuma, kama mtazamaji. Ukimaliza tukae, uniambie nani wa kubaki."

"Bosi, haya si ni mafunzo?"

"Ndiyo. Na mimi nitajifunza." Akacheka. Akaniuliza jino linaendeleaje.

Nikasema asante nikatoka. Asante ya nini? Nimeshuka ngazi yote ndipo nikajiuliza.

Jumapili, 9 Machi

Juzi asubuhi nilipowauliza watu kazini wangependa kuigiza nini, wifi aliniambia: "Michezo yako usiniingize, mimi nina umri." Leo anaosha vyombo, mara akageuza ndoo, akaikalia, akasimamisha kiti mbele yake, akachungulia katikati ya mbao za mgongo wa kiti hicho. Dirisha! Akamwita kaka yake aje awe mteja.

"Bili yangu imekuja kubwa," mume wangu akasema.

"Unaoga mara ngapi?"

"Mara moja."

"Basi kuna mtu anakuogea."

Watoto chini! Mimi natoa machozi. Kumbe anacho kipaji hiki, na kwenye semina zangu zote alikaa kimya kama kabati.

Halafu akajiigiza mwenyewe. Mteja wa mwisho anatokea mlangoni, ana faili kwapani — yeye anagonga kompyuta, eti imekwama. Mkono unanyooka polepole, anageuza kibao: DIRISHA LIMEFUNGWA. Kisha anainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakipo, mpaka mtu wa watu aondoke. Alitafuta chini ya ndoo mpaka watoto wakaanza kumsaidia.

"Hiki ndicho nitakachowafanyia Alhamisi," akasema akipangusa mikono. "Wote tunafanya, wifi. Wacha tujicheke kidogo."

Sijamsikia akicheka hivi tangu aje na masanduku yake. Mimi kicheko kikanikauka. Nilishamwona Bosi amekaa nyuma, mguu juu ya mguu.

Jumatatu, 10 Machi

Situlii. Nimepanga viti vya ukumbi duara, nikavirudisha mistari, nikavipanga duara tena. Mfagizi akaniuliza kama kuna kitu nimepoteza.

Asubuhi nilimwambia mume wangu, wifi akiwa bafuni. Alikuwa anapiga viatu rangi. Akaendelea kusugua kiatu kilekile mpaka nikahisi kitatoboka.

"Mwambie augue siku hiyo."

Na fundi bomba augue? Na yule wa dirisha la kwanza tunayemwita Kasuku, anayeongea mpaka na risiti, naye augue? Waugue wote?

"Mimi nina dada mmoja," akasema. "Hao wengine wana kaka zao."

Nikamuuliza, na nikikataa, mkataba wangu je? Na shule ya watoto? Bafuni maji yakafungwa. Tukaanza kuongelea viatu.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna njia. Kila anayenisalimia kwenye korido namwona kama ananiaga.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata njia! Nitawalaza.

Usingizi wao nilikuwa nauona aibu, kumbe ni ngao. Mtu aliyelala hajisahau, hajicheki, hageuzi kibao mbele ya mtu mbaya. Bosi atakuta ukumbi unakoroma, atakosa wa kumchagua. Atanifukuza mimi, haya, lakini atakuwa amenifukuza kwa kosa ninalolijua. Nikatoa slaidi za zamani. Nikaongeza nyingine: Historia ya Kampuni. Aina za Mabomba. Maandishi madogo madogo kama sisimizi. Nilifurahi! Karibu nusu saa nilikuwa mtu mwenye amani.

Saa ya chakula fundi bomba akabisha hodi. Hajawahi kufika ofisini kwangu. Amevaa koti la suti la shemeji yake, mikono inamfika kwenye vidole, na tai.

"Mwalimu, mimi nitakuwa mteja tajiri. Nimefanya mazoezi na mke wangu." Akanionyesha mwendo. Mwendo wa tajiri, tumbo mbele, mpaka dirishani na kurudi. Kisha akaona slaidi ukutani. "Hii ya nini tena?"

"Utangulizi mfupi tu."

Akaitazama. Akafungua tai taratibu. "Sawa, mwalimu." Ile sawa ya mtu aliyezoea.

Na wifi tuliporudi nyumbani: "Nasikia umerudisha slaidi. Unatuogopa?"

Nikasema ni maandalizi tu. Nikasema projekta ikiwepo haidhuru. Nimesema vitu!

"Wifi," akasema, "pale kazini tunaambiwa. Kila siku tunaambiwa. Ulipotuuliza sisi tunaonaje, watu walirudi makwao wanaongea wenyewe njiani." Akaenda kupiga pasi blauzi yake ya kesho, ile ya bluu, ya sherehe.

Kuwachezesha siwezi. Kuwalaza siwezi. Hakuna njia ya tatu.

Alhamisi, 13 Machi

Sijala. Wifi ametangulia, ametoka anaimba. Viti ni duara, nimeamua. Duara halina nyuma — tuone atakaa wapi.

Alhamisi, bado

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Bosi. Katibu muhtasi anajifanya anachapa. Naandika magotini.

Bosi alikuja na kiti chake mwenyewe! Akakiweka nje ya duara, karibu na pazia. Watu wakamwamkia. Fundi bomba yuko na koti lake. Kasuku amechora masharubu kwa wanja, kwa sababu gani sijui. Wote macho kwangu, wanang'aa kama watoto siku ya picha. Wifi na blauzi ya bluu, kibao cha DIRISHA LIMEFUNGWA mapajani. Amekichomoa kwenye dirisha lake akaja nacho!

Nilikuwa na maneno ya kufungulia. Niliyaandika, niliyakariri. Yakatoka mengine.

Nikasema, "Kabla hatujaanza. Madirisha yatapunguzwa. Nimeambiwa niwaangalie mkicheza, halafu niseme nani abaki. Mimi sitataja jina la mtu. Lakini sitaki mcheze bila kujua."

Kimya. Kimya ambacho sijawahi kukipata kwa slaidi yoyote.

Bosi akacheka. "Mama anatania," akasema. "Ndiyo ule uchangamfu wake." Hakuna aliyemfuata kucheka. Akatazama simu yake, haikuwa imelia, akaiweka sikioni, akatoka. Kiti kikabaki karibu na pazia.

Niliyemwogopa si yeye. Nilimwogopa wifi.

"Ulijua lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa." Akahesabu kimoyomoyo, nikamwona. "Kwa hiyo Jumapili, nimekaa kwenye ndoo pale jikoni, unalia kwa kucheka —"

"Nilijua."

"Tunakula meza moja, wifi."

Ningesema nini? Kwamba nilipanga kuwalaza? Kasuku alikuwa anafuta masharubu kwa kidole, yanazidi kusambaa. Mmoja wa mafundi akachukua kofia yake. Nikafikiri basi, wanaondoka, na wana haki.

Wifi akainuka. Akapita katikati ya duara. Akaenda mpaka kwenye pazia, akakiburuta kile kiti cha Bosi — miguu inalia sakafuni — akakiweka katikati.

"Haya. Nani atakuwa Bosi?"

Hakuna aliyejitokeza. Ndipo fundi bomba akafunga tai yake, akavuta tumbo mbele, akaketi. Akaweka mguu juu ya mguu. Akasema kwa sauti ileile ya upole, ileile hasa: "Niambie, mama. Jino linaendeleaje?"

Jamani! Kumbe na yeye huulizwa jino! Waliangua kicheko, lakini siyo cha Jumapili. Kilikuwa na meno. Wifi akasimama mbele ya kiti, mikono nyuma. "Bosi, tumesikia madirisha yatapungua. Tunataka kujua mtapunguza kwa kuangalia nini." Fundi bomba akakwepa. Akaulizwa tena. Akakwepa tena, vizuri ajabu. Kasuku akadakia: "Hapana, hapo usimwache, hapo muulize tarehe." Mwingine: "Usiseme naomba. Sema tunaomba." Wakarudia. Wakabadilishana. Mtu ambaye miaka yote simjui sauti yake alisimama akasema, "Ngoja nijaribu mimi."

Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta. Hakuna aliyenihitaji. Hakuna aliyeangalia saa.

Wifi hajanitazama tena hata mara moja.

Katibu muhtasi ndiye aliyekuja kunitoa. "Unaitwa juu. Sasa hivi." Nikapanda. Na mpaka sasa nimekaa hapa nangoja, mlango umefungwa, namsikia Bosi ndani anaongea na simu, na safari hii kweli kuna mtu upande wa pili. Nimesikia jina langu. Nimesikia "mkataba".

Chini ukumbini walikuwa bado wanaendelea. Sauti zinapanda kupitia kwenye ngazi, halafu kicheko, halafu mtu mmoja peke yake anasema jambo refu bila kukatizwa.

Sasa kumenyamaza.

Mlango wa Bosi umefunguliwa. Katibu muhtasi ameacha kujifanya anachapa. Anasema niingie — hapana, amenyamaza, anasikiliza. Ni viatu. Viatu vingi, vinapanda. Na sauti ya wifi, ile ya dirishani, kavu, haina mchezo:

"Msisukumane. Pangeni foleni. Na wifi yangu aliyetangulia hapo juu, foleni inaanzia kwake —"