Mama Kabula, Wewe Uliyeniita Mchawi

Mama Kabula,

Salamu sikupi. Nilipokuwa nakusalimia ulikuwa unaangalia pembeni, sembuse sasa. Kusoma hukujua, barua zote za wanao nilikusomea mimi, kwa hiyo naiandika hii nikijua huko uliko hakuna wa kukusomea. Vizuri. Leo nitasema mpaka mwisho bila kukatizwa.

Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Aliyesema hivyo hakuwahi kuwa mke wa pili kwenye kaya yako. Uliniudhi ukiwa mzima, ukaniudhi zaidi ukiwa kitandani, na tangu tukuzike hujaacha.

Tuanze na ile damu. Ulikuwa umeshakoma kuona siku zako, na kaya nzima ilijua, maana mume wetu alikuwa ameshahamishia redio nyumbani kwangu. Tangu apunguzwe kiwandani Mwanza na kurudi kijijini, mzee yule na redio yake hawakuachana. Ilipolia redio ndipo alipolala. Halafu asubuhi moja ukatoka nje umejifunga kitenge kipya, ukamwita Ng'wasi, mke wa mwanao, ukamwambia kwa sauti ya kunifikia mimi jikoni kwamba damu imerudi. Mungu amekurudishia usichana. Mganga aliyekupa mizizi alikuwa amekuahidi mtoto mwingine wa kiume, na sasa ishara hiyo hapo. Jioni ile ile redio ikavuka uwanja ikaingia kwako.

Nilikuonea wivu, sikufichi. Nililala na watoto wangu nikisikia taarifa ya habari kutoka nyumba ya pili, nikajiuliza mwanamke mwenye wajukuu amepata wapi ujana.

Lakini damu yako haikuwa na tarehe. Ilikuja ulipobeba ndoo, ilikuja baada ya mzee kulala kwako, ilikuja tu. Wewe ukaiita nguvu. Na siku zile zile manesi kutoka hospitali ya ng'ambo ya ziwa, Sengerema, walikuwa wanakuja siku ya kliniki ya watoto. Walituambia wanawake wote, hata wasioumwa, tuvuke kwenda kuangaliwa mlango wa kizazi, kwa sababu kansa ya pale huanza kimya, na ikiwahiwa inatibika. Walisema pia kwamba damu inayorudi kwa mwanamke aliyekwisha kukoma si ujana, ni dalili mbaya. Nilisikia kwa masikio yangu nikiwa na mtoto mgongoni. Nikarudi mbio kukuambia, na Mungu ni shahidi yangu kwamba siku ile wivu niliuacha njiani.

Ulinijibu mbele ya wanawake waliokuja kukusaidia kupura mtama.

"Huyu anataka nikafunuliwe na binti ambaye hata hajazaa, ili mume arudi kwake."

Wakacheka, na wewe ukacheka kuliko wote. Heshima yako! Mama mzima hapandi kitanda cha hospitali na kuangaliwa na mtoto. Sawa. Heshima hiyo nimeiona ilikokufikisha, nimeifua kwa mikono yangu.

Maana harufu ilipoanza, redio ilirudi kwangu. Mzee aliibeba tu kwapani kama mtu anayehamisha kuku. Wanawake wa kupura mtama nao wakapata shughuli nyingine. Tukabaki mimi na Ng'wasi. Yeye alikushika mabega, mimi nilikuosha. Vipande vya kanga nilivifua kwa majivu na sabuni ya mche, nikavianika nyuma ya nyumba ili wapita njia wasivione. Hata hilo nililifanya kwa ajili ya heshima yako, mama wee.

Na wewe ukalipa. Ndugu walipokusanyika, Kabula mwanao akaja kutoka kwa mumewe Usagara, akapiga magoti kando ya kitanda. Ulikuwa huna sauti ya kuomba maji, lakini kwa hilo ulipata sauti.

"Mwanangu, aliyeniloga ni huyu anayenifulia."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni.

Nimewaza sana nikutafutie udhuru. Maumivu yanasemesha mtu, najua. Lakini hukuwa umechanganyikiwa, uliniangalia machoni. Na macho yangu, kama kila mtu anavyojua, ni mekundu kwa moshi wa kukausha samaki, na kwetu Usukumani mwanamke mwenye macho mekundu hahitaji ushahidi mwingine. Kwenye msiba wako hakuna aliyegusa chakula nilichopika.

Baada ya arobaini nilivuka kwa kivuko cha Kigongo nikaenda Sengerema peke yangu. Nesi aliniuliza kwa nini sasa. Nikamweleza habari yako. Akasema ugonjwa ule huanza na kijidudu kinachopita kati ya mume na mke, na kama tulikuwa na mume mmoja basi na mimi nipande kitandani. Nilipanda. Aibu nilisikia, nikaangalia dari, nikasikia chuma baridi, na kabla sijamaliza kuona aibu nikaambiwa nishuke. Ugali unachukua muda mrefu zaidi kuiva. Majibu yalipotoka nilikuwa salama. Nikatoka nje nikakaa chini nikalia, na sikulia kwa furaha. Nilikulilia wewe, kwa hasira, kwamba kitu chenyewe kilikuwa kidogo namna ile, na wewe umekufa kwa kukikataa.

Ningeishia hapo. Jina la mchawi ningelivumilia, watoto wangu wangekua, nawe ningekusahau. Lakini Ng'wasi akaja kuninong'oneza kwamba Kabula anatoka damu kila akilala na mumewe, na kwamba anakunywa mizizi ya mganga yule yule.

Nilikwenda Usagara. Alinikuta nimesimama nje ya duka lake, akawaita wanawe wadogo waingie ndani, akafunga mlango. Akanisemesha kupitia dirishani, akasema mama yake alimwonya, na kwamba kinywa kilichomuua mama hakiwezi kumponya mwana. Nikamwomba nesi aende mwenyewe. Nesi akaenda, Kabula akamwambia ametumwa na mchawi. Unaona ulichofanya? Ulikuwa na neno moja limebaki, na ulilitumia kumfungia mwanao mlango wa hospitali. Nilikuchukia usiku na mchana. Nilikwenda hata kaburini kwako kukuambia, nikaona haya, nikang'oa magugu nikarudi.

Ningefurahi kukuchukia vizuri, lakini hata hilo umeniharibia. Mtoto wangu wa kwanza alipopatwa na degedege, mvua inanyesha, mzee yuko kilabuni, ni wewe uliyemfunga mgongoni ukakimbia naye mpaka zahanati. Mimi nilibaki mlangoni nikilia. Uliporudi naye mzima ulinitukana kwa kulia ovyo, ukanipikia uji. Basi deni lile likanikaa kooni. Mwana kwa mwana.

Nikavuka tena kwa nesi, nikamwambia nitakachofanya. Hakupenda. Alisema yeye hatamdanganya mgonjwa, lakini mtu yeyote akija kwa sababu yoyote, atamwangalia. Nikasema hilo linanitosha.

Nikaenda Usagara siku ya gulio, watu wamejaa, ili asiweze kunifungia mlango. Nikamwambia:

"Mama yako nilimloga mimi. Na wewe nimeshakuloga, ndiyo maana unatoka damu. Dawa ya kukufungua nimeiacha ng'ambo kwa manesi. Usipoifuata mwenyewe utakufa kama yeye."

Mumewe alishika panga, majirani wakamzuia. Kabula aliniuliza kitu kimoja tu, kwa nini namfungua. Nikamwambia mama yako ananisumbua usingizini. Hilo halikuwa uongo.

Kesho yake alivuka. Wakamkuta na kidonda, kimeanza, hakijafika mbali. Wakakata sehemu iliyoharibika, na amerudi kuangaliwa tena na tena, na kila mara ni mzima. Amenenepa, Mama Kabula. Duka lake limejaa mitumba siku hizi. Anawasimulia wateja jinsi manesi walivyoutoa uchawi wangu kwa mkasi, na akitaja jina langu anatema mate.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, waliniita barazani. Mume wetu alipoulizwa alisema yeye hayajui mambo ya wanawake. Sitakuficha, hilo liliniuma kuliko kufukuzwa. Nilipewa mpaka jua kuzama niwe nimeondoka, nikaondoka na watoto na sufuria. Nimepanga chumba Mwanza, karibu na ziwa. Viwanda vya minofu vinapeleka nyama ya sangara Ulaya, sisi tunauziwa mapanki, vichwa na mifupa, ninakaanga nauza. Hapa macho mekundu tunayo wote, hakuna anayeshangaa.

Sasa sikia la kukuchekesha, kama huko mnacheka. Kijijini hofu imeingia. Wale wanawake wako wa kupura mtama, walionisengenya miaka yote, wamekumbuka kwamba walinikosea. Wamevuka kwenda kufunguliwa. Mmoja wao amekutwa na dalili akatibiwa. Nesi ananiletea habari akija mjini, anatikisa kichwa, hajui acheke au anikemee. Najuta sikugombana na watu wengi zaidi.

Amebaki Ng'wasi. Huyu haniogopi, alikuwepo nikikuosha. Akileta viazi vitamu sokoni lazima anipitie, shikamoo mama mdogo, anakaa kwenye gunia langu, anakula kichwa cha samaki kutoka mkononi mwangu mbele ya watu wote. Katika kaya yako nzima ndiye mtu wa mwisho anayefanya hivyo. Nimemsihi avuke. Anaitikia ndiyo mama mdogo, haendi. Anaona aibu. Tena ananiambia yeye hana hofu, kwa kuwa mimi na yeye hatujawahi kukosana.

Kwa hiyo kwaheri. Magugu yako atang'oa Kabula, mimi siruhusiwi kukanyaga huko tena. Nakuahidi, jina uliloniachia sitalifuta maadamu mwanao yu hai. Na Ng'wasi akija wiki ijayo na viazi vyake, nitamtukana mbele ya watu mpaka aniogope.

Mke mwenzio,
Minza