Mzigo wa Kulaza Resori

Nyawera, Bukavu
Tarehe 3 Septemba 1979

Mpendwa mdogo wangu Alphonse,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Habari za Bujumbura? Rosalie na watoto hawajambo? Na kile kikohozi chako, kimekuacha? Sisi tupo, ila tumechoka. Kwenye bahasha nimeandika jina la Kizaire kama wanavyotaka posta, lakini humu ndani ni mimi Donatien yule yule.

Barua yako nimeipata. Unaniuliza kama muuza resori wa kweli, mtu wa springi za magari: ni uzito gani unaokaa kwenye jeep siku zote, na ni upi unaopanda na kushuka? Ungeniuliza hayo mwezi wa tatu ningekushukuru sana. Wa siku zote ni tangi la pili, kibebeo cha chuma cha juu na vile vyuma vya mbele, kilo mia mbili na kitu. Lakini mimi nilipima siku niliyojaza chumvi ya kupeleka Kamituga. Jeep ilikaa chini kama kuku anayeatamia, nikamwambia fundi Ramazani aongeze vyuma vitatu vya resori ya lori lililokufa. Alinionya. Unakijua kichwa changu.

Sasa ikibeba mzigo inakwenda vizuri. Ikiwa tupu, inaruka kila jiwe.

Shida yenyewe ni Mama. Daktari amesema ule uvimbe wa kiunoni hauna dawa tena, na Mama anataka kurudi kwao Mwenga kabla ya mvua. Hataki kufia mjini. Alisema hivyo bila kulia, tuliolia ni sisi.

Juma lililopita mimi na dada yetu Delphine tulimlaza nyuma juu ya godoro, tukaondoka. Njia nzima hakulalamika. Tulipofika Mugogo nikageuka kumtazama, nikaona damu mdomoni: alikuwa akiuuma mdomo wake ili asipige kelele. Tukarudi. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Ramazani alipofungua ili avitoe vile vyuma vitatu, alikuta vya zamani vimepasuka chini yake. Tukivitoa, gari halisimami. Resori zako zinakuja na lori la mwisho wa mwezi, na daktari hakutuahidi mwisho wa mwezi. Ndipo Ramazani akaniambia, "Papa Donatien, hii gari haiko mubaya, iko na njaa tu. Weka kilo mia tano, resori italala, na maman atalala."

Nikaanza kutoa magunia ya chumvi, maana ndiyo ninayouza. Mama akasikia kutoka kitandani.

"Hapana chumvi," akasema. "Mupakize simenti. Kule Mwenga mutaitoa wapi, siku yangu ikifika?"

Alphonse, nilitoka nje nikashika mlango wa jeep. Delphine alitaka kubisha, Mama akamtuma chai.

Leo mifuko kumi imepangwa na godoro liko juu yake. Nimeendesha mpaka sokoni na kurudi, Delphine amelala pale juu kujaribu. Alisinzia kweli, maskini, kwa uchovu wa siku zote hizi. Tunaondoka Alhamisi asubuhi, polepole.

Kwa hiyo resori ziache dukani kwanza. Tafuta lori la mapema linalokuja huku kwa njia ya Uvira, ukae wewe mahali pa resori, utufuate Mwenga.

Msalimie Rosalie, uwabusu watoto kwa niaba yangu. Delphine anakusalimu, na Ramazani pia, anasema safari ingine nimsikilize. Mungu akufungulie njia na mpaka.

Njoo simenti ikiwa bado iko kwenye mifuko.

Akupendaye bila kupungua,
kaka yako Donatien