Mchezo Nisioujua Mwisho Wake

Runzewe

Neema, mke mwenzangu,

Marahaba, mjukuu wangu. Sisi tupo. Shangazi yako amevuna mpunga, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Pole kwa mguu uliokufungia ndani.

Unauliza nilipenda mchezo gani wa televisheni ujanani, ili uutafute. Televisheni tungeitoa wapi? Tulikuwa na redio.

Nilikuwa sijamaliza arobaini ya kumzaa baba yako, sitoki nje. Kila Jumapili nilisikiliza mchezo wa mwanamke aliyetelekezwa na mumewe. Betri zikichoka nazianika juani zipate nguvu. Siku moja yule mume akarudi, akabisha hodi, na mtangazaji akasema tungoje Jumapili ya mwisho tujue kama mke atamfungulia.

Jumamosi babu yako akazitoa betri, akazitia kwenye tochi. Alikuwa anakwenda Geita kuchimba dhahabu.

"Niachie hadi kesho tu," nikamwambia.

Akacheka. "Mama Daudi, unalilia maigizo? Shimoni kuna giza."

Alirudi baada ya miaka mitatu, mikono mitupu, anakohoa. Akabisha hodi. Nilisimama nyuma ya mlango, nikimfikiria yule mwanamke. Kisha nikafungua, nikamuuguza mpaka nikamzika.

Usinitafutie mchezo huo, Neema, hata kama bado upo. Nikisikia kwamba mwenzangu hakufungua, miaka yangu nitaiweka wapi?

Bibi yako,
Mama Daudi